Mpole Langoni

Mjukuu wangu ndiye aliyeniletea habari, amesimama mlangoni na simu mkononi kama kawaida yao. "Haboba, si kuna actor mmoja Mhindi ulikuwa unampenda kitambo? Ameaga. Iko kila mahali." Haboba ndivyo tunavyowaita bibi zetu sisi Wanubi wa Kibra, na kijana huyu, ambaye Kinubi kingine chote kimempita kando, neno hilo moja hajaliacha. Akanionyesha picha ya mzee aliyekonda, amefunikwa shali hadi kidevuni. Nikamwambia huyo simjui, asinisumbue. "Ni yeye, cheki macho," akasema, akaikuza ile picha kwa vidole viwili mpaka yakabaki macho peke yake, na hapo nikamjua. Nikakaa kitandani. Mtoto wa watu akaogopa, akaniuliza kama anipe maji. Nikamwambia sitaki maji, anipigie Wanjiku kule Kawangware.

Wanjiku ana umri wangu na siku hizi sikio moja halifanyi kazi, kwa hiyo ilibidi nipaze sauti majirani wote wasikie. Nikamwambia Mpole ameenda. "Mpole gani? Yule wa langoni?" Nikamwambia yule wa langoni. Akasema, "Na kwani alikuwa bado hai? Mimi nililia huyo mtu nikamaliza, zamani sana. Kuja tunywe chai." Kesho yake nikapelekwa Kabiro, huko huko Kawangware, ambako ana nyumba yake ya mawe katikati ya vyumba anavyopangisha, na wapangaji wakawa wanapita na ndoo zao wakituchungulia, vikongwe viwili, mmoja wa ushungi na mwingine wa kitambaa cha kanisa, tunacheka na kupangusa macho kwa ajili ya mwanamume ambaye hakujua kama tumezaliwa. Wapo watakaosema ni upuuzi. Waseme. Mimi namshukuru mtu huyo kuliko ninavyowashukuru wengi walionijua kwa jina, na nataka kueleza kwa nini kabla sijaenda na mimi.

Sitaanza na ukoo wangu. Wazee wa Kibra wanaoujua wanaujua, na asiyeujua hatapungukiwa na kitu. Mwaka ninaousema ni ule uliotangulia Hali ya Hatari. Kibra ilikuwa bado na miti, nyumba ziko mbali mbali, na kati ya nyumba na nyumba mahindi na ng'ombe. Sehemu inayoitwa Lindi leo, ambayo sasa mtu akinyoosha mkono anagusa ukuta wa jirani, ndiko tulikokuwa tunakwenda kuokota kuni. Nilikuwa msichana, nimeshafungwa ushungi lakini sijachumbiwa, na nilikaa kwa Haboba, bibi yangu mwenyewe, pamoja na mdogo wake mama, Zamzam, ambaye mimi nilimwita Mama Mdogo ingawa tulipishana miaka michache tu. Wanjiku alikuwa akija kwa miguu kutoka Kawangware na mzigo wa kabichi na nduma mgongoni, kamba imemkata kipaji cha uso. Alianza kwa kutuuzia, akaishia kula kwetu. Haboba alimpenda kwa sababu alikula kisra, ule mkate wetu mwembamba, bila kuuliza imetengenezwa na nini.

Mama Mdogo ndiye aliyetufundisha sinema. Siku zile kulikuwa na jumba moja la Wahindi upande wa River Road, na kila Jumatano mchana lilikuwa na onyesho la wanawake peke yao. Sisi Waafrika hatukutakiwa mle ndani. Lakini bawabu angefanyaje? Wanawake wa Kiislamu wa kila rangi waliingia wamejifunika buibui, na hakuna bawabu mwenye akili zake ambaye angemfunua mke wa mtu uso mlangoni. Basi tulivaa mabuibui, tukatazama chini, tukapita. Hata Wanjiku, binti wa mzee wa kanisa, alivishwa buibui la Haboba lililoburura chini, na kila akipita mlangoni alikuwa akiomba kwa Kikuyu chini chini. Mama Mdogo alikuwa na sharti moja tu: ukishaingia, usifungue mdomo. Tukisema neno tungejulikana. Tulikaa safu ya nyuma kabisa, hatukohoi, na wale mama wa Kihindi waliotuzunguka, waliokuja na watoto na vyakula na soga zao, hawakujua wamekaa na nani, au walijua wakatuachia. Ndiyo maana hatukuwahi kumwuliza mtu yeyote maana ya jambo lolote. Tuliangalia, na tuliloelewa ndilo lililokuwa.

Jina lake la kweli lilitushinda, tukamwita Mpole. Waigizaji wengine wa wakati ule walikuwa watu wa kelele. Mtu akipenda anashika kifua, akikasirika mishipa ya shingo inasimama, akilia anahakikisha na wa safu ya nyuma amemwona. Mpole hakuwa hivyo. Akiulizwa jambo zito alikaa kidogo kabla ya kujibu, mpaka ukaanza wewe kumjibia. Wengine wakicheza ngoma, yeye alitembea tu, na bado ulimwangalia yeye. Alijua kunywa maji. Nasema kweli, nimeona filamu moja ambamo alikunywa maji kwa mkono baada ya kuambiwa amefukuzwa kazi, na kwa namna alivyoyanywa ulijua ana watoto nyumbani. Mama Mdogo alikuwa akiturudisha nyumbani kupitia Barabara ya Ngong huku akitembea kwa mwendo wake, akitugeukia polepole kwa jicho lake, na sisi tukianguka kwa kicheko. Mumewe, Ramadhani, alikuwa akimwambia, "Huyo Mhindi wako siku nikikutana naye tutaelewana," na Mama Mdogo akimjibu kwamba ajaribu tu, Mpole atamwangalia mara moja yeye mwenyewe aombe msamaha.

Ramadhani alikuwa askari. Kibra yote ilikuwa kijiji cha askari. Babu zetu waliletwa hapa na Wazungu, bunduki mkononi, wakaambiwa wakae, na wajukuu wao nao wakaandikwa jeshini, hivi kwamba katika kila nyumba kulikuwa na mwanamke anayengoja mtu. Ramadhani alipelekwa kupigana nchi ya Malaya, mbali huko mashariki. Siku waliyokuja kutuambia, walikuja wawili, Mzungu mmoja na sajini wa kwetu. Mzungu alivua kofia, sajini akasema. Mama Mdogo alikuwa anapepeta mchele. Aliuliza kama walimwosha. Sajini akamwambia walimwosha, wakamsalia, na wamemzika huko huko. Akaweka ungo chini, akaingia ndani. Haboba, ambaye alikuwa mama yake na aliyeijua dini vizuri, akamfuata akamwambia asilie kwa sauti, maana kilio cha sauti kinamtesa aliyekwenda. Mama Mdogo akamtii. Alimtii sana mpaka tukaogopa.

Wengi wa vijana wa leo hawajui eda ilivyokuwa. Mjane alikaa ndani miezi minne na siku kumi. Alivaa nyeupe, hakupaka wanja wala hina, hakutoka nje ya ua, hakuonwa na mwanamume ambaye angeweza kumwoa. Chumba cha Mama Mdogo kilikuwa cha udongo kilichopakwa chokaa, na kitanda cha kamba, na kioo kilichogeuzwa uso ukutani. Dirisha lilikuwa dogo kama sinia. Nilikuwa nikimpelekea kisra na mchuzi wa bamia, na kurudi baadaye kuichukua kisra ile ile, imekauka pembeni. Aliitikia salamu. Alisali. Zaidi ya hapo, hakuna. Jina la Ramadhani halikutoka mdomoni mwake hata mara moja, na chozi hatukuliona. Wanawake walikuja kumpa pole, wakakaa wamepanga miguu mkekani, wakatoka wakinong'ona uani kwamba mjane asiyelia kilio kinarudi ndani, kinamla. Yupo mmoja wa kule Toi aliyekufa hivyo, walisema. Nilimsikia Haboba usiku akiomba, "Ya Rabbi, mimi ndiye nilimwambia asilie." Ilikuwa ni hilo tu tulilolitaka miezi ile yote, mtu mmoja alie.

Basi ikaja filamu mpya ya Mpole. Wanjiku ndiye aliyeona picha yake imebandikwa mjini. Alitusimulia uani huku tukimenya vitunguu, na kupitia kile kidirisha tukasikia sauti ambayo hatukuwa tumeizoea tena: "Amevaa nini?" Haboba alisimama na kisu mkononi. Wanjiku akajibu kwamba amevaa nguo za askari.  Jioni ile Haboba aliniita kando, akanipa nauli na ya kiingilio, akaniambia, "Nenda na huyo mwenzako mkaangalie hiyo upuuzi yenu. Angalia vizuri. Ukirudi utamwambia yote." Mwanamke huyu alikuwa ameshatuambia mara nyingi kwamba sinema ni nyumba ya shetani.

Filamu yenyewe, kama tulivyoielewa sisi wawili kutoka safu ya nyuma, ilikuwa hivi. Mpole ni mchota maji katika mji mdogo. Anaishi katika kijumba na mama mzee na msichana mzuri sana. Mwanzoni kabisa msichana yule anamfunga Mpole uzi mwekundu mkononi, anamtia kitu kitamu mdomoni, na Mpole anampa zawadi. Sisi hatukuhitaji kuelezwa. Kwetu siku zile bwana harusi alifungwa uzi mwekundu wa hariri mkononi, na utamu ukafuata. Tulijua tumekuta watu wanaoana. Kisha Mpole anakwenda vitani. Yule mwanamke anabaki, na baada ya muda mtoto wa tajiri anampenda, na ngoma zinapigwa, anaolewa. Siku ile ile ya harusi Mpole anarudi, mvua inanyesha, ana jeraha ubavuni alilolificha kwa koti. Anasimama langoni mwa tajiri. Anamwona mwanamke wake amepambwa. Anamwangalia. Hasemi kitu, na kamera haiondoki usoni pake. Halafu anaingia, anampa bangili alizomletea, anatoka, anakaa kwenye ngazi, na wakati ngoma bado zinapigwa ndani, anakufa. Ukumbi mzima ulilia. Nililia ndani ya buibui mpaka kitambaa kikanigandamana na pua.

Tulipofika nyumbani Haboba alitungoja kwenye kona ya ua. Nikamweleza mwisho. Akanishika mkono kwa nguvu. "Hiyo ya kufa usimwambie. Mjane haambiwi askari amekufa." Tukakubaliana kwamba hadithi itaishia kwenye bangili. Likabaki tatizo la pili, ambalo Haboba alilifikiria kwa dhati kama kadhi. Msichana akiigiza mwanamume mbele ya mjane aliye edani, je, ni kama mwanamume ameingia? Alikaa akakuna kichwa chini ya ushungi. Mwishowe akaamua kwamba naruhusiwa kuwa Mpole, alimradi nisivue ushungi wangu, ili ijulikane wazi kwamba Mpole huyu ni mwanamke. Basi mimi nikawa askari mwenye ushungi, na Wanjiku akawa mke, na mama mzee, na tajiri, na farasi. Haboba alisema yeye hataki kusikia mambo hayo, akakaa mlangoni ametupa mgongo, akichambua dengu. Dengu zile hazikuisha.

Siku ya kwanza Mama Mdogo alikuwa amelala ameangalia ukuta. Nilipofika langoni, aligeuka. "Alifanya nini na uso?" akaniuliza. Nikajaribu kufanya uso. "Hapana. Wewe unafanya uso wa mtu aliyeumwa na jino. Yeye alifanya nini? Alikasirika?" Nikafikiri, nikasema hakukasirika. "Alisikitika?" Nikasema sijui, kidogo. Macho yalikuwa na maji lakini mdomo ulikuwa... "Mdomo ulikuwaje?" Wanjiku akanisaidia: "Mdomo ilikuwa inataka kucheka." Mama Mdogo akainuka akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekaa bila kusali wala kula tangu sajini alipokuja. "Mwanamume anarudi kutoka vitani," akasema polepole, "anakuta mke wake anaolewa na mwingine, na mdomo unataka kucheka? Hamkuangalia vizuri. Jumatano rudini mkaangalie."

Kwa hiyo tukarudi. Tulirudi kila Jumatano, maana ile filamu watu waliipenda, na wenye jumba waliishikilia, wakaitoa, wakairudisha. Wanawake wa Kibra walioipata habari wakaanza kuja jioni kusikiliza, wakijidai wamekuja kumpa pole mjane, na chumba kile cha kimya kikajaa mabishano. Wote walimchukia yule mwanamke wa filamu. Ni lazima uelewe ni wanawake wa namna gani hawa. Walikuwa wake wa askari, na mama za askari, na kungoja ndiyo iliyokuwa kazi yao. "Hakungoja," mmoja alikuwa akisema, akipiga paja. "Hata mvua ya pili hakungoja." Wanjiku peke yake ndiye aliyemtetea. "Mimi hata mimi ningeolewa. Huyo mtu ameenda, haandiki, haleti kitu. Atangoja mpaka azeeke?" Walimzomea mpaka Haboba, aliyetupa mgongo na asiyesikia mambo hayo, akasema kutoka mlangoni kwamba mgeni aachwe aseme, lakini kwamba mwanamke yule kwa kweli hana haya. Kuhusu mdomo wa Mpole waliafikiana wote: ndiyo upole wenyewe, amemsamehe. Mtu wa Mungu.

Mama Mdogo hakuafikiana nao. Alisubiri waondoke, akaniita kitandani. "Niambie tena. Alipomwona, alimwangalia wapi kwanza? Miguu? Mikono?" Nikamwambia alimwangalia kichwani, yale maua na dhahabu, halafu uso, akabaki hapo. "Aliangalia chini?" Sikukumbuka. "Nenda ukaangalie kama aliangalia chini." Jumatano nyingine nilikwenda kuangalia hilo peke yake. Nikarudi nikamwambia hapana, hakuangalia chini, alimwangalia moja kwa moja. Akatikisa kichwa kama fundi aliyeletewa kiatu kisichoingia. Alikuwa ameanza kula. Alikula akifikiri, bila kujua anakula, na mimi nilikuwa nikisogeza sahani karibu na mkono wake. Lakini kulia bado, na jina bado. Na kila nilipofika kwenye bangili aliniuliza, "Halafu?" nami nikamwambia basi, taa ziliwashwa. Alikuwa akinitazama. Nadhani sasa kwamba alijua.

Nimefanya kazi ya ukunga maisha yangu yote, na watu wameniuliza nilijuaje mambo ambayo mama mwenyewe hajasema, kwamba huyu ana hofu na yule ana siri. Sikufundishwa hospitalini. Nilifundishwa na mwanamke mmoja kwenye kitanda cha kamba, aliyenituma mjini wiki baada ya wiki kuangalia uso wa mtu mmoja mpaka niuone, na nilifundishwa na yule mwenye uso, aliyekubali kuuacha utazamwe muda wote ule bila kuuficha na bila kuupigia kelele. Waigizaji wakubwa nimewaona wengi tangu hapo, kwenye televisheni ya wajukuu. Wanajua kulia. Wachache wanajua kusimama.

Eda ikaisha. Mama Mdogo akaoga, akavua nyeupe, wanawake wakamletea gurbaba mpya, ile nguo yetu ya kujifunga, na manukato. Kioo kikageuzwa. Alijitazama kama mtu anayeangalia picha ya jamaa wa mbali. Jumatano iliyofuata ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya ile filamu, na asubuhi yake akachukua buibui kwenye msumari. Haboba akasimama mlangoni, mikono huku na huku. Alituangalia mimi na Wanjiku kama wezi. "Hapana. Mjane hatoki eda akaenda kuangalia mtu anakufa." Ndivyo mwisho wa filamu ulivyotoka, kwa kinywa chake mwenyewe. Mama Mdogo hakushtuka. "Mama," akasema, "uliniambia nikae ndani, nimekaa. Uliniambia nisilie, sikulia. Leo naenda kumwona huyo mtu kwa macho yangu." Haboba aliendelea kusimama. Kisha mkono mmoja ukashuka, na Mama Mdogo akapita chini ya ule mwingine.

Ndani ya ukumbi alikaa katikati yetu. Uzi mwekundu ulipofungwa aliinama mbele. Mpole alipokwenda vitani hakutikisika, nami nilikuwa nimemshika mkono na mkono ulikuwa wa baridi. Ngoma za harusi zikaanza, mvua ikaanza, na Mpole akaja akasimama langoni. Nilikuwa nimeshamwona pale mara nyingi kiasi kwamba safari hii sikumwangalia yeye, nilimwangalia Mama Mdogo. Alikuwa ameinua ushungi wa uso, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuthubutu mle ndani. Mwanga wa picha ulikuwa unamcheza usoni. Alimwangalia Mpole kwa muda wote ambao Mpole alimwangalia bibi harusi. Halafu akasema, kwa sauti yake ya kawaida, ya mtu aliye jikoni kwake, "Huyu si mke wake. Huyu ni dada yake."

Wanjiku alimbana mkono.  Mbele yetu mama mmoja mzee wa Kihindi, amevaa sari nyeupe tupu, aligeuka polepole akatuangalia, sisi watatu, uso wa Mama Mdogo ukiwa wazi. Nikajua tumekwisha, tutatolewa nje mbele ya watu. Mama yule naye mashavu yalikuwa yamelowa. "Ndiyo, iko dada yake," akasema kwa Kiswahili cha dukani. "Ile uzi nyekundu, dada nafunga kaka yake. Nani ambia wewe?"

"Hakuna aliyeniambia," Mama Mdogo akajibu. "Mume hakuangalii hivi. Mume wangu akiniangalia alikuwa anaangalia chini, kama mtoto ameshikwa na sukari mkononi. Kila siku. Mpaka siku anaondoka, Ramadhani aliniangalia akaangalia chini." Na alipolitaja lile jina kitu kikavunjika ndani yake, nikakisikia kabla sijakiona. Alilia kwa sauti. Alilia kama wanavyolia watu wa kwetu walipokuwa hawajaambiwa wanyamaze, kifua kizima, na kwa bahati au kwa rehema Mpole alikuwa amefika kwenye ngazi, na ukumbi mzima ukawa unalia, mama za Kihindi na watoto wao, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake. Yule mama mzee alinyoosha mkono nyuma ya kiti chake, akamshika Mama Mdogo kifundo cha mkono, akarudi kuangalia mbele, na hakumwachia mpaka taa zilipowashwa. Hakutuuliza sisi ni nani. Tulipotoka, alitutangulia, akamwambia bawabu jambo kwa lugha yao, na bawabu akatazama upande mwingine.

Njia nzima ya kurudi, kuanzia River Road, Mama Mdogo alituambia habari za Ramadhani. Alivyokuwa akiimba vibaya. Alivyoogopa kuku, yeye askari mzima. Alivyojifanya hana njaa ili yeye ale kwanza. Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na Wanjiku, ambaye alipaswa kushika njia ya Kawangware kabla giza halijaingia, alitufuata mpaka Kibra ili asikose kusikia. Haboba alikuwa amekaa nje, kwenye jiwe. Alimwona binti yake anakuja na macho yamevimba, ushungi umekaa upande, anaongea bila kupumua. Mama Mdogo akampita, akaingia ndani, bado anaongea na Wanjiku. Haboba akasimama, akanivuta kwa nguo.

"Amelia?" akaniuliza.

"Amelia, Haboba."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti."

Akakaa tena kwenye lile jiwe, akafunika uso kwa ncha ya gurbaba yake, na mabega yakaanza kutikisika.  Kisha akajifuta, akasema alhamdulillahi, akanituma nimkaribishe Wanjiku alale, kisha nitupakulie chakula sisi watatu, na nisisahau na yeye mwenyewe, maana hakuwa amekula tangu asubuhi.